Kazi Iliyo Nyuma ya Ukuta

Vijijini Kakamega nyumba hukaa juu na maji hukaa chini. Boma liko mgongoni mwa kilima karibu na barabara, shamba la mahindi na maharagwe linateremka na mteremko, halafu inakuja migomba, vipande vya mabingobingo ya ng'ombe na nduma. Chini kabisa, mahali ardhi inapoanza kulegea chini ya kandambili, utakuta ukuta mfupi wa saruji wenye paipu moja au mbili. Haufiki kifua cha mtu mzima. Una ngazi pembeni, sakafu ndogo ya kutegea mitungi, na mara nyingi mwaka ulioandikwa kwa msumari saruji ilipokuwa mbichi. Maji yanatoka hapo usiku na mchana bila mashine, bila stima na bila bili ya mwisho wa mwezi.

Anayepita haraka haoni cha kutazama. Mjini Kakamega kuna majengo ya ghorofa na kuna uwanja wa Bukhungu. Ukuta wa bondeni mara nyingi hauna hata kibao. Lakini mimi nimeshuka mabonde mengi kuwatazama mafundi wakiujenga, na nasema bila kusita kwamba chemchemi iliyotengenezwa vizuri ina ufundi kuzidi ghorofa nyingi. Tena sehemu yake iliyo bora haionekani. Imezikwa nyuma ya ukuta, chini ya nyasi, na aliyeijenga anajua kwamba akiifanya sawasawa hakuna atakayeiona tena.

Tuanze na maji yenyewe. Kakamega si nchi ya kiu. Maeneo ya karibu na msitu hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi yake mikavu hasa ni Disemba, Januari na Februari. Isiukhu unapita msituni, unaupita mji, kisha unakwenda kujiunga na Nzoia. Yala unashika njia yake ya kusini. Lusumu nao unaishia Nzoia. Mgeni akiiona mito hiyo hudhani ndiko watu wanakochota ya kunywa. Wapi! Mto ni wa kunyweshea ng'ombe, wa kufulia, wa kuchimbia mchanga wa kuuza. Ya kunywa hutafutwa kwenye chemchemi.

Mvua ikinyesha juu ya kilima huzama polepole katika udongo mwekundu mpaka ikutane na mwamba, au tabaka la udongo mzito usiopitisha maji. Hapo hugeuka ikatambaa kando, hadi pale mteremko unapolikata tabaka lile, na maji yakatokeza nje. Yakifika hapo yamekwisha kuchujwa na ardhi kwa muda mrefu, ni baridi na ni safi. Uchafu huyapata baadaye: kwenye dimbwi lililo wazi, kwenye kwato za ng'ombe, kwenye sufuria ya kuchotea iliyokuwa imewekwa chini, kwenye mvua inayoburura samadi kutoka shambani. Kazi yote ya fundi wa chemchemi ni kuyavusha maji hatua chache tu, kutoka ndani ya ardhi hadi ndani ya mtungi, bila kuguswa na kitu.

Kando ya barabara ya Kisumu, pale Ilesi, limesimama lile jiwe linalolia, lenye urefu wa mita 40 hivi, maji yakitiririka ubavuni mwake. Wageni husimamisha magari wakalipiga picha. Chemchemi zilizo chini ya vilima vya pale pale hakuna anayezipiga picha, na ndizo zinazochemsha chai ya asubuhi.

Kazi haianzi kwa jembe. Fundi mmoja wa upande wa Shinyalu, mzee aliyezeekea katika kazi hii, hakubali kugusa bonde kabla ya Januari. Watu wakimjia mwezi wa Mei, mvua ikiwa imeshika, huwaambia warudi. Wakati wa masika kila shimo ni chemchemi, husema. Subiri jua liwaumbue. Kiangazi kikikaza huteremka na fimbo yake, akaanza kwa kusalimia. "Mulembe, kukhu," humwambia mama mkongwe atakayemkuta bondeni, na kabla ya kutazama maji humwuliza maswali: mwaka ule wa njaa maji yalikauka hapa? Walipokuwa wasichana walichota hapa hapa au kule kwenye mkuyu? Ni upande gani ng'ombe huzama miguu hata kiangazi? Mabibi hawa wamechota maji bondeni humo tangu utoto, na hakuna ramani ya afisi yoyote inayoyajua haya kuwashinda.

Kisha hutazama mwenyewe. Matete yanayobaki mabichi peke yao kwenye majani makavu, tundu la kaa, tope jeusi lisilopasuka. Mara nyingi maji hayatoki mahali pamoja. Kuna jicho kubwa, halafu kuna macho madogo mawili matatu pembeni yanayotokota chini ya majani, na fundi asiyeyatafuta yote atajenga ukuta mbele ya moja huku mengine yakimchimba kwa chini. Akishayapata huchimba mfereji mwembamba, akayakusanya maji yote mahali pamoja, akategea mtungi wa lita 20 na kumwambia kijana atazame saa ya simu. Ukijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika. Hesabu hiyo ndogo ina siri kubwa: ni lita 43,200 kwa siku, na sehemu yake kubwa hupita usiku watu wakiwa wamelala. Wapo wanaosikia hivyo wakataka papo hapo lijengwe tangi la kuyahifadhi. Fundi hutikisa kichwa. Kama mteremko hauna nafasi ya kutosha chini ya jicho, tangi litayarudisha maji nyuma, na maji ya chemchemi hayapendi kurudishwa nyuma.

Hapo ndipo penye kiini cha ufundi huu. Ukiyapandisha maji ya chemchemi juu ya kimo yalichojichagulia, hata kwa kiasi cha kiganja, yanaanza kusukuma kuelekea kilimani, yanatafuta ufa mwingine, na siku moja ukuta wako unabaki mkavu huku maji yakibubujika mita tano kando, katikati ya nduma za jirani. Chemchemi iliyokimbia hivyo pengine hairudi. Kwa hiyo mambo mengi ya kazi hii ni ya kujizuia. Fundi huchimba kuelekea ndani ya kilima, akiufuata mkondo pole pole, na macho yake hayabanduki chini. Akikuta lile tabaka gumu linalobeba maji husimama hapo hapo. Kijana mwenye mtalimbo, aliyezoea kuchimba vyoo, hutaka kuendelea. Akilitoboa lile tabaka maji yatazama na kazi imekwisha.

Nilimwona mmoja akikaripiwa kwa jambo hilo, bila makelele. Mzee alimshika mkono wenye mtalimbo, akamwambia achuchumae, atumbukize vidole ndani ya maji mahali yanapotokea. "Unasikia yanavyosukuma? Sasa sogeza mkono chini. Yapo?" Hayakuwapo, chini palikuwa na udongo mgumu, mkavu kwa ndani, wa rangi ya majivu. "Basi chini huko hatuna kazi." Kijana akauweka mtalimbo kando, akaendelea kwa mikono.

Msingi humwagwa mbele ya shimo, wa zege, mpana kuliko ukuta wenyewe. Wakati huo maji hayasimami yakusubiri, kwa hiyo hukatiwa njia ya muda pembeni, wakati mwingine kwa shina la mgomba lililopasuliwa kati na kutolewa moyo. Juu ya msingi hupanda ukuta wa mawe au wa matofali ya kuchoma, na kutoka kila ncha yake hutoka bawa linaloingia ndani ya kingo, ili mvua kubwa isije ikauzunguka na kuung'oa. Fundi asiye na subira hukata mabawa haya yakawa mafupi ili kubana saruji. Miaka miwili baadaye ukuta wake umesimama peke yake katikati ya korongo, maji yakipita kulia na kushoto.

Paipu huwekwa chini ya jicho, kamwe si juu yake. Na hapa nilisikia mabishano ambayo nadhani hurudiwa katika kila bonde. Sakafu ilikuwa haijamwagwa. Kijana mwingine alipima kwa macho, akaona mtungi hauwezi kusimama chini ya paipu, akasema: "Fundi, si tuinue paipu kidogo, akina mama wasiiname?" Mzee alicheka. "Inua. Maji yatakuacha hapo wewe na paipu yako. Teremsha sakafu." Wakachimba tena, mahali pa kusimama pakashushwa hadi mtungi ukaenea wima chini ya paipu na nafasi kidogo ikabaki. Kushusha huko kuliwagharimu siku nzima ya ziada, kwa sababu sakafu ikishuka lazima mfereji wa kutolea maji nao ushuke, na mfereji ukishuka lazima uende mbali zaidi hadi mahali utakapopata mwinamo. La sivyo maji hutuama miguuni pa wachotaji, na maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Fundi wa nyumba angeinua paipu. Fundi wa chemchemi hujenga kutoka kwenye maji kwenda nje, na kila kitu kingine, hata starehe ya mteja, hupangwa kufuata kimo cha jicho.

Kuhusu paipu, nitie neno moja la pembeni. Za chuma hudumu, ila wanunuzi wa chuma chakavu nao wanazipenda, na ziko chemchemi zilizoamka asubuhi hazina mdomo. Siku hizi mafundi wengi huweka ya plastiki, au huipachika ya chuma kwa zege kiasi kwamba mwizi itambidi avunje ukuta mzima.

Sasa tuje nyuma ya ukuta. Mawe huteremshwa bondeni kwa kichwa na kwa mgongo, akina mama na vijana wa kijiji wakiwa ndio wabebaji. Mchango wao katika kazi hii mara nyingi ni huo, mawe, mchanga na chakula cha mafundi. Juu ya ukingo mawe huoshwa, jiwe moja moja, kwa brashi na maji ya chemchemi yenyewe. Wanaoona kwa mara ya kwanza hushangaa: mawe ya kuzikwa yanaoshwa ya nini? Yanaoshwa kwa sababu tope la leo ndilo litakaloziba paipu baada ya miaka mitatu, na ndilo litakalotoka katika kikombe cha mtoto. Makubwa hupangwa karibu na jicho, yakiachiana nafasi maji yapumue. Hayamwagwi kwa karai, hupangwa kwa mkono. Yanafuata madogo, kisha kokoto. Juu ya kokoto hutandazwa karatasi nzito ya nailoni, ikakunjwa pembeni na kuingizwa chini ya kingo, ili mvua inayoanguka juu isipenye ikachanganyika na maji ya ndani.

Halafu unakuja udongo wa mfinyanzi. Fundi haokoti wowote. Huchukua donge, akalilowesha, akalisokota baina ya viganja mpaka liwe uzi wa unene wa kidole, kisha akaupinda uwe pete. Ukikatika hautupiliwi mbali, unakwenda kujaza shimo jingine. Usipokatika ndio wenyewe. Wafinyanzi wa Ilesi, wale akina mama ambao vyungu vyao hupangwa kando ya barabara, huujua udongo wao kwa kuukandakanda mikononi vivyo hivyo, na hilo halinishangazi, maana kazi zote mbili zinataka udongo usiopitisha maji. Udongo huo hushindiliwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likipigwa kwa gogo hadi mlio ubadilike. Mzee wa Shinyalu haangalii gogo. Hugeuza uso pembeni akasikiliza, na mlio usipomridhisha husema "bado."

Juu kabisa hurudishwa udongo mweusi na kupandwa nyasi fupi. Mti haupandwi hapo, mizizi yake ingeshuka kuyatafuta maji. Hatua chache juu ya yote hayo, kilimani, huchimbwa mtaro wa kukingama, unaoshika maji ya mvua yanayoteremka kutoka shambani na kuyapeleka pembeni. Mtaro huo hufanya kazi ya nyusi juu ya jicho. Kisha uzio wa miti na seng'enge, ng'ombe wasikanyage. Kisha ngazi, ambazo watu wengi huziona kama pambo, mpaka uone mama mjamzito akipanda utelezi wa Aprili na lita 20 kichwani.

Siku ya mwisho ya ujenzi nilitafuta mahali mawe yale yaliyooshwa yalipo, nikaona nyasi tu.

Ufundi huu kwa namna tulivyo nao sasa una historia, na Kakamega ina nafasi yake humo. Watu wa hapa walizitunza chemchemi tangu kale kwa kuzisafisha pamoja, kuzitandika mawe, kukataza kufulia karibu na jicho. Saruji ilikuja baadaye. Mwaka 1981 serikali za Kenya na Finland zilianzisha mradi mkubwa wa maji vijijini katika Mkoa wa Magharibi, ambao makao yake makuu yalikuwa Kakamega mjini. Watu waliuita Kefinco, na wazee bado huutaja kwa jina hilo. Mradi ule ulichimba visima vya pampu za mkono na ukajengea chemchemi nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: pampu nyingi zilikuja kuharibika vipuri vilipokosekana, lakini ufundi wa chemchemi ulibaki mikononi mwa vibarua wa hapa, kwa sababu haukuhitaji kipuri kutoka ng'ambo. Waliobeba zege wakiwa vijana wakawa mafundi, nao wakafundisha wengine.

Wasomi pia wamekuja kupima kama kazi hii ina faida, na majibu yao yanastahili kusomwa kwa makini. Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, alifanya utafiti na wenzake watatu juu ya chemchemi karibu 200 za Busia na Butere-Mumias, eneo ambalo Butere na Mumias zake leo ni sehemu ya Kaunti ya Kakamega. Waliuchapisha mwaka 2011. Waliona kwamba kuijengea chemchemi kulipunguza vijidudu vya kinyesi kwenye maji ya pale pale kwa asilimia 66. Nyumbani, ndani ya mitungi, upungufu ulikuwa asilimia 24 tu. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo.

Mgala muue na haki yake mpe: tofauti ile kati ya 66 na 24 si kosa la fundi. Maji yanatoka kwenye paipu yakiwa safi, yanaingia katika mtungi usiooshwa, yanamiminwa katika sufuria iliyo wazi, yanachotwa na mkono wa mtoto aliyetoka kucheza. Ndiyo maana karibu na chemchemi nyingi za magharibi utaona kikasha cha buluu juu ya mlingoti. Ukizungusha kifundo kinatoa kipimo cha klorini cha mtungi mmoja. Wako wanaokitumia kila siku na wako wanaolalamikia harufu. Mimi nakunywa yenye harufu.

Utafiti ule ule uligusa jambo ambalo kila mtu wa kijijini analijua. Chemchemi nyingi ziko katika shamba la mtu, na mara nyingi huitwa kwa jina lake au la babu yake, lakini mwenye shamba hawezi kumkataza jirani kuchota wala kumtoza pesa. Desturi haimruhusu. Kwa hiyo hana faida ya kujenga ukuta kwa pesa zake mwenyewe, na wachotaji nao hawana mamlaka ya kujenga katika shamba lisilo lao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na huduma za maji ni jukumu la serikali za kaunti. Lakini fundi akifika bondeni anakuta mwenye shamba, na bila mwenye shamba kusema ndiyo hakuna jiwe linaloteremka. Nimeona mazungumzo hayo yakimaliza mchana mzima chini ya mwembe. Mwenye shamba anaogopa kwamba uzio ni mwanzo wa kunyang'anywa. Anataka iandikwe kwamba shamba ni lake. Anataka ng'ombe wake wapate maji ya mfereji wa chini. Fundi mwenye busara husubiri mpaka hayo yote yaishe, na humwomba mwenye shamba awe wa kwanza kuweka jiwe.

Baada ya hapo inakuja kamati. Mwenyekiti huwa mwanamume, sijui kwa nini, na mtunza hazina huwa mama, hilo najua kwa nini. Kazi yao si ngumu ila haina mwisho: kuufukua mtaro wa juu kila mvua ikikaribia, kufyeka nyasi, kuziba ufa mdogo kabla haujawa mkubwa, kuzuia watu wasifulie nguo kwenye sakafu. Mtaro ukijaa mchanga, mvua ya kwanza ya Machi hupita juu yake ikaingia moja kwa moja nyuma ya ukuta. Nimeona chemchemi nzuri ikitoa maji ya rangi ya chai kwa sababu ya mtaro ambao watu wawili wangeufukua kwa asubuhi moja.

Maadui wengine ni wakubwa kuliko kamati. Mikaratusi ilipandwa mabondeni kwa sababu inakua haraka na nguzo zina bei, na kila mmoja wetu anajua inavyokunywa. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru iliyo kando ya mito na maeneo oevu ing'olewe. Mingi bado imesimama. Upande wa Ikolomani kuna wachimbaji wa dhahabu, warithi wa ile pupa ya miaka ya 1930 iliyozaa mgodi wa Rosterman, na zebaki wanayoshikia dhahabu haifai kukaribia maji ya kunywa. Na kuna sisi wenyewe. Kaunti ina zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba, mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, na choo kinachimbwa mahali palipobaki nafasi, hata kama ni juu ya jicho la maji. Dhidi ya choo kilichochimbwa kilimani, mawe yaliyooshwa na udongo ulioshindiliwa havina la kufanya.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni haraka ya siku hizi. Chemchemi zimeingia katika hesabu za siasa. Mwaka wa fedha ukikaribia kwisha utaona kuta kumi zinapanda katika wiki mbili, masika yakiwa yameshika, zikipakwa rangi na kuandikwa jina la mheshimiwa. Mwanakandarasi analipwa kwa ukuta, kwa kuwa ukuta ndio unaopigwa picha. Hakuna anayelipwa kwa kuosha mawe. Hakuna safu katika karatasi ya zabuni ya kusubiri Januari, wala ya siku ile ya kushusha sakafu. Matokeo yake yanajulikana bondeni kabla ya kujulikana afisini: paipu inadondoka matone, na hatua chache kando akina mama wameweka jani la mgomba kwenye tope kama mfereji, wanachota kama walivyochota bibi zao. Wakiulizwa husema chemchemi imekufa. Haijafa, imehama, na aliyeihamisha amekwisha kulipwa.

Marekebisho yanawezekana mara nyingine. Mzee wa Shinyalu huitwa kwa kazi hizo kuliko za ujenzi mpya, na hazipendi, kwa sababu lazima avunje kazi ya mwenzake mbele ya watu. Huifukua nyuma ya ukuta, akakuta udongo mtupu uliotupwa kwa karai, hakuna kokoto, hakuna nailoni, na paipu imekaa juu ya jicho. Hasemi kitu. Huitoa paipu, akaishusha, akaanza kuomba mawe. Nilimwuliza kama humtaja aliyejenga. Alisema kumtaja hakuongezi maji.

Kwa hiyo nina ombi kwako, hasa kama wewe ni mpiga kura wa Lurambi, Shinyalu, Malava, Butere au kwingineko kwenye mabonde haya. Siku mwakilishi wa wadi yako atakapokuja kufungua chemchemi, usisimame mbele ya ukuta. Panda nyuma yake. Tazama kama kuna mtaro wa kukingama na uzio, uliza mawe yalioshwa na nani, na kazi ilifanywa mwezi gani. Kisha teremka utegee mtungi wa lita 20 chini ya paipu, bila kuuinamisha. Usipoenea, au mtaro usipokuwapo, mwambie mheshimiwa mbele ya watu kwamba kazi haijaisha, na fundi asilipwe mpaka iishe.